Ugonjwa wa Kuandikia Sura Tatu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wewe unayesoma, nakuomba kwa heshima zote: neno hata moja lisikutoke. Si kwa mwenzi wako, si kwa mchungaji wako. Nina ajira, na ninaihitaji.

Habari kubwa! Mchapishaji wa Dar amepiga simu. Amezipenda sura za mwanzo za riwaya yangu! Anataka kitabu kizima Ijumaa, la sivyo nafasi anampa mwingine. Zimebaki sura tatu. Nikamwambia zimekwisha, nazisafisha tu. Nikakata simu kabla hajauliza zaidi.

Tatizo ni mwili. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Mifupa ikianza kuuma, siandiki hata jina langu. Ikitulia, niko ofisini hapa Kilosa, karani wa chama cha ushirika, nawaandikia stakabadhi za ufuta watu wa Msowero. Nikiumwa nina muda, sina nguvu. Nikiwa mzima nina nguvu, sina muda. Dawa ni moja: niumwe nikiwa mzima. Sijui kwa nini sikuiwaza mapema!

Jumanne, 10 Juni

Nimemtumia meneja, Bi. Hildegarda, ujumbe kwamba mifupa imeanza. Akajibu pole mwanangu, usinyanyuke. Ushindi! Kabla jua halijakolea nilikuwa na kurasa sita. Sijawahi kuumwa vizuri namna hii.

Kisha hodi. Ofisi nzima! Wameleta uji, machungwa na sala. Nikarukia kitandani, kompyuta chini ya blanketi. Kompyuta yangu huchemka. Makarius, karani mwenzangu aliyejipa uenyekiti wa kutembelea wagonjwa, akanigusa paja na kutangaza kwamba maishani mwake hajashika homa ya hivyo. Wakaimba. Wakakaa. Wakaimba tena. Bi. Hildegarda amepanga zamu: kesho kwaya, keshokutwa wazee wa Zombo. Makarius aliomba alale hapa aniangalie. Nikakataa kwa sauti ya mgonjwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoroka na basi la kwanza. Nimewaachia ujumbe kwamba nimepewa rufaa, hospitali, Mikumi. Neno zuri, rufaa. Linaheshimika. Nani atasafiri mpaka Mikumi?

Nimepanga chumba cha nyuma, gesti ya Mama Filomena. Nilimpa shikamoo mbili ili asiniulize maswali. Akaitikia zote marahaba, kisha akauliza yote. Akasema kijana anayejifungia mchana kutwa ama kaua mtu ama anasoma uganga. Nikasema nasoma. Akasema basi nikisikia nyani wanaanua nguo zangu nje, nisiseme sikuambiwa.

Naandika! Sura moja imekwisha. Maji sinywi, maana choo kiko mbali uani na kila safari inakula aya nzima. Najua daktari amekataza. Daktari hana mchapishaji.

Alhamisi, 12 Juni

Sura ya pili imekwisha! Nimejipongeza kwa kuoga maji ya bomba. Baridi ya Juni! Mguu wa kulia unataka kusema kitu. Nimeunyima nafasi.

Ijumaa, 13 Juni

Mguu umesema. Magoti yakaitikia, mgongo, kifua. Nililia kama mtoto. Mama Filomena alinipakia kwenye bajaji akinisihi nisimfie, gesti ni mpya na watu wa Mikumi wana maneno.

Getini hospitali kuna gari la Noah la kukodi. Pembeni yake ofisi nzima inalia. Walikuja kunitazama, wakakuta wodini simo, jina langu halipo, na Makarius alikwishauliza hadi chumba cha maiti. Aliponiona alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini. Bi. Hildegarda akamgeukia mlinzi na kumwambia, si nilikwambia kijana wangu mgonjwa? Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Ugonjwa wangu ulifika kwa wakati wake kabisa!

Dripu. Sindano. Na sura ya mwisho? Vidole havikunjiki. Ikabidi nimnong'oneze Makarius siri yote. Akavuta kiti, akafungua kompyuta niliyokuja nayo kwenye bajaji. Mimi natamka, yeye anachapa. Maumivu yakija, tunangoja yapite. Tukafika pale karani Marko, anayewapunja wakulima kwenye mizani, anapokufa. Vidole vya Makarius vikasimama.

"Huyu Marko anatembea kama mimi," akasema. "Hata kofia ni yangu."

Nikasema dawa zimenilewesha.

Akaitazama dripu yangu. "Sawa, ndugu yangu. Ila mpe mazishi yenye watu."

Nikampa. Kata nzima ilihudhuria. Ni ukurasa bora kuliko yote niliyoandika. Tumetuma kabla ya magharibi. Makarius alipiga makofi mpaka nesi akamtoa nje.

Jumapili, 15 Juni

Kimekubaliwa! Kinatoka mwakani! Na mchapishaji anataka kingine mwezi Septemba.

Daktari amenisomea: maji mengi, nguo nzito, mapumziko, na nikitaka likizo niombe kama watu. Niliitikia kila neno. Nimejifunza sana. Kosa langu lilikuwa moja tu, kuumwa mwenyewe. Mgonjwa hutembelewa. Kwa hiyo Septemba nitafiwa. Shangazi yangu wa Malolo atafariki ghafla; kwa bahati njema sina shangazi Malolo. Mimi nitajichimbia hapa hapa Mikumi. Njia ya kwenda Malolo inapita hapa, lakini watu wakiwahi mazishi hawasimami njiani.

Ukinihitaji siku hizo, shuka stendi ya Mikumi, usitaje jina langu. Nenda kwa Mama Filomena, zunguka nyuma, sema kwa sauti kwamba wewe ni fundi wa feni. Usipige simu, mfiwa hapokei. Na ukiona wenzangu wa ofisini wamekodi basi, turubai na masufuria juu ya keria, usiwaulize kitu. Waelekeze tu Malolo.