Jani la Mkorosho Mbele ya Kompyuta

Jumatatu, 14 Julai

Mwalimu mkuu, Bi Zawadi, amekubali. Kompyuta zangu nne, zilizobaki nilipofunga duka langu la intaneti hapa mjini, Chikongola, zimeingia stoo ya shule yake kijijini Mpapura. Nitawafundisha wasichana kuandika programu. Sharti: wapatikane watano kufikia Ijumaa, la sivyo stoo anapewa Mwalimu Innocent aweke mipira yake. Mipira!

Nimehutubia mstarini dakika hamsini. Nimeanzia Baghdad, aljebra ilikokulia, nikawashambulia wote wanaodhani akili ina ndevu. Hotuba kali. Msichana mmoja akaomba kwenda chooni. Kumi na wawili wakamsindikiza. Hawakurudi. Waliojiandikisha: hakuna. Innocent ameshaipima stoo kwa hatua.

Jumanne, 15 Julai

Kosa si langu, ni la wazazi. Binti akitoka shule anachota maji, kisha anakwenda kusaidia kupuliza salfa. Msimu wa ugonjwa wa ubwiri huu, majani ya mikorosho yanaota unga mweupe, na baba hana habari na programu. Basi nimetumia mbinu. Baada ya swala ya alasiri nimewaambia wazee wa Mpapura kwamba kompyuta zangu zinaujua ubwiri. Si uongo. Ni ukweli uliofika kabla ya wakati wake.

Wamenisikiliza hadi mwisho. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikilizwa hadi mwisho. Tangu binti yangu Uzma aolewe akahamia Dodoma, nabishana na redio.

Jumatano, 16 Julai

Wamekuja thelathini na mmoja. Wote wanaume. Kila mmoja na jani la mkorosho, wengine wamelifunga kwenye leso. Mzee Mustafa amelibandika lake kwenye kioo cha kompyuta, akavuta kiti, akasubiri. Baada ya muda akaniuliza mbona imenyamaza. Nikamwambia inafikiri. Akasema mke wake naye akinyamaza hivi huwa amekasirika. Innocent, mlangoni, akauliza kama kesho alete mbuzi wake apimwe mimba.

Ikabidi nieleze kwamba mashine haijui kitu mpaka mtu aifundishe, kwa maandishi. Ndipo Mzee Mustafa akasema, "Sasa si ungesema jana, ndugu yangu? Mimi kuandika siwezi. Binti yangu Rehema ndiye anayeweza."

Wakaondoka na majani yao. Stoo imebaki na mimi na kompyuta nne. Tumenyamaza wote watano.

Alhamisi, 17 Julai

Rehema ameletwa na baba yake, jani mkononi. Nyuma yake wasichana wanane, wote wametumwa na baba zao, wote na majani. Tisa! Bi Zawadi amekaa nao, maana wazazi hawataki mabinti wafungiwe ndani na mwanaume. Sawa. Nikawagawia mazoezi niliyoyaandaa, ya kuandika programu inayouliza maswali, nikaanza na historia ya namba.

Rehema akanyoosha mkono. "Babu, samahani. Ukiongea hatuwezi kufikiri."

Babu. Nina miaka hamsini na minne. Bi Zawadi akaniomba, kwa heshima zote, nikapunge upepo nje kidogo. Nimekaa juu ya tofali hadi wakati wa kufunga. Ndani walikuwa wanacheka. Nimetega sikio kujua wanamcheka nani. Si mimi. Ingekuwa mimi, afadhali.

Ijumaa, 18 Julai

Wamefika kumi na mmoja. Stoo imebaki yetu. Yao.

Programu ya Rehema inauliza: jani lina unga mweupe? Ukijibu ndiyo, inauliza kama maua yametoka. Kisha inakwambia upulize salfa au usubiri. Mzee Mustafa amejibu kwa kidole kimoja, akaambiwa apulize. Akamgeukia binti yake, akasema kesho maji atachota yeye baba mwenyewe. Hata Innocent amepiga makofi. Na mimi nimepiga, nikiwa nje, dirishani.

Bi Zawadi amenishukuru sana. Amesema nisijisumbue tena na safari ya Mpapura. Watanipigia simu wakikwama.

Jumapili, 20 Julai

Hawajakwama. Simu iko mezani, chaji imejaa.

Nimeyatafakari makosa yangu siku mbili nzima na kugundua kwamba sikuwa nayo. Mbinu ilikuwa sahihi. Kasoro yake ni umbali tu. Kwa hiyo leo asubuhi nimewatangazia akina mama wa mtaani hapa kwamba kompyuta yangu inatambua ugonjwa wa kideri wa kuku. Wamefurahi mno. Wanakuja alasiri, na kuku wao.

Nimefagia sebule. Nimechemsha chai ya tangawizi. Nimepanga vikombe kumi na viwili. Kompyuta hapa nyumbani sina hata moja, zote ziko shuleni. Hilo tutalizungumza wakishakaa.