Vita vya Bi Rula na Ukuta Uliopinda

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaongoja chakula kiive! Redio izimwe, mtoto abembelezwe, kwani niletalo si porojo: ni habari ya mtunza jumba la sanaa la mji wetu mdogo, mwanamke aliyeitwa Bi Rula kwa kuwa hakuweza kupita mbele ya kitu kilichokwenda upande asikinyooshe, kiwe pazia, iwe kola ya mpita njia, na jinsi alivyotundika picha.

Jumba lile zama za mababu lilikuwa ghala la chumvi. Likakarabatiwa, likapakwa rangi, likatiwa madirisha ya vioo likang'aa kama bibi harusi, lakini mifupa ilibaki ya kizee. Sakafu ilishukia mlangoni, boriti zilishukia uani, na ukuta kati yao ulisimama kama mlevi aliyeulizwa njia.

Siku ya ufunguzi ilibaki picha moja kutundikwa. Nayo ya nani? Ya shangazi! Shangazi aliyemlea Bi Rula, aliyeanza kuchora baada ya kufiwa na mumewe, akazificha kazi zake uvunguni mwa kitanda, na ambaye sasa alitoa moja tu, ya mbuzi beberu mweusi, kifua mbele, kwa sharti zito: "Watu wakinicheka, mwanangu, brashi nazitia jikoni. Na usinibembeleze."

Bi Rula akashika nyundo kama jemadari ashikavyo upanga. Ko! Msumari wa kwanza ukapiga goti. Ko! Wa pili ukazama. Beberu akapanda ukutani, na lo! akawa anateremka mlima.

"Anateleza huyo," akanena shemeji yake, seremala, bwana wa pima maji, mwenye penseli sikioni hata usingizini. Akaweka pima maji juu ya fremu. Kipovu kikatulia katikati kama sultani. "Kumbe kanyooka! Shemeji, chombo kimesema. Mwenye makosa ni jumba."

"Jumba halitachekwa! Atakayechekwa ni shangazi!"

Akamwinua kichwa, beberu akaruka angani. Akamfuatisha boriti, beberu akatumbukia shimoni. Akamrudisha kwenye pima maji, akateremka mlima ule ule. Jasho likamtiririka Bi Rula, na moyoni aliona brashi zikiwaka moto. Huko nje wageni walianza kucheka vicheko vya salamu.

"Ifunike kitambaa," shemeji akasihi. "Tutasema ni sanaa ya kisasa."

"Nimfunike shangazi yangu? Thubutu!"

Akaitupa nyundo, akajibwaga kwenye benchi lililokabili picha. Benchi, mtumwa wa sakafu, likamlaza kushoto. Akainua tako la kushoto ajiweke sawa, na beberu akanyooka! Akalishusha: beberu akateleza. Akaliinua: akasimama wima.

Hapo shujaa hakusita. Akavua ndala yake mpya, ile ya kung'aa, akaisokomeza chini ya mguu wa benchi upande wa kushoto, akaketi, na beberu hakuteleza tena. Shemeji naye akaketi, akamtazama beberu, akaitazama ndala.

"Shemeji," akasema, "ukuta umekushinda, sasa wewe unanyoosha watu."

Milango ikafunguliwa. "Picha hii hutazamwa kwa kuketi!" akatangaza Bi Rula, mguu mmoja peku.

Picha nyingine watu walizipita wakisema "nzuri, nzuri," macho yao kwenye soda. Kwa beberu waliketi. Na kwa kuwa wameketi, walitazama. Wakaona vumbi kwatoni, wakaona jicho lile la dharau, wakagoma kuinuka, hata foleni ikazunguka ukumbi.

Shangazi akaingia, akashtuka. "Mbona hawaondoki? Kuna nini pale?"

"Wanamtazama, shangazi."

Bibi yule akaweka mtandio sawa. "Basi waambie wajisogeze. Na mimi nikae, nimwone."

Wakajisogeza, akaketi. Na iandikwe: falme zimeanguka kwa mizinga na kwa njaa, lakini ghala la chumvi, lililoshinda mafuriko na mchwa, liliangushwa mchana kweupe na ndala moja ya mguu wa kushoto.