Rada ya Kumnasa Lukusa

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Kolwezi.
Ukuta wa jiko umepata ufa! Jirani yangu Lukusa alistaafu mgodini, lakini jana nilimwona akiosha chepe. Mstaafu, chepe la nini? Mjini hapa watu huchimba kobalti hata chini ya vitanda vyao. Tangu nitoke Kasongo, nyumba mbili nimeziacha kwa vita. Ya tatu siiachi kwa shimo.

Jumanne, 5 Novemba.
Nimenunua rada ndogo, ya zile zinazofungua milango ya maduka makubwa mtu akikaribia. Mawimbi yake hurudi yakikuta kitu chenye mwendo. Nimeiunga na kengele. Nikamfunika kuku kwa katoni. Imelia! Mke wangu Bilkisi, aliyemtafuta kuku huyo tangu asubuhi, hakupongeza. Kitabu changu cha ufundi kinaonya: linalofaulu mezani lijaribiwe mahali penyewe. Kesho, uani.

Jumatano, 6 Novemba.
Nimeielekeza ardhini kando ya jiko. Imelia. Kando ya choo. Imelia. Chini ya kamba ya nguo. Imelia! Lukusa ametoboa kila mahali. Nimeanza kuchimba nimfumanie.

Alhamisi, 7 Novemba.
Balaa. Mzee akichimba uani, Kolwezi yote inajua maana yake. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa langoni na sururu na mifuko. Mimi, Yassini, nyuma ya Bilkisi. Lukusa akawazuia kwa fimbo: "Bandugu, iko shimo ya choo! Tata Yassini tumbo inamusumbua, tangu jana!" Wakarudi nyuma upesi. Kisha akanisaidia kufukia, kwa chepe lile lile. Akanionyesha kwamba maji ya paa langu yanaloanisha ukuta. Jumapili alikuwa ameanza kuyachimbia mfereji upande wake, nisihangaike. Maelezo yamekamilika mno. Ya kutilia shaka.

Ijumaa, 8 Novemba.
Bilkisi ameniagiza niweke rada juu ya kigoda uani, niende barabarani. Kimya. Nimerudi: imelia. Nimeondoka: kimya. Akasema kwa upole, "Baba Aicha, inakuona weye." Lukusa, aliyetuletea ugali wao wa bidia na sombe ya majani ya muhogo, amecheka hadi machozi. Nawapenda wote wawili. Hawajui sayansi. Ni wazi: mchimbaji akisikia nimeondoka, hupumzika. Na kwa kuwa rada imelia Lukusa akiwa mezani petu, basi ana mshirika.

Kesho nanunua rada ya pili.