Blondi ya Zubeda

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Temeke nzima imehamia viwanja vya maonyesho, nimebaki mie saluni na draya yangu. Kumbe Mungu ana ratiba. Namwona binti anatoka saluni ya ng'ambo ya barabara, kwa Mama Elinaza, anafuta machozi kwa mtandio. Nikamwita. Akavuka, akanipa shikamoo safi, akakaa.

Anaitwa Zubeda. Kitchen party yake ni Jumamosi. Mawifi zake wa Sinza wameshapitisha kwamba bibi harusi ni wa kawaida mno kwa kaka yao. Kwa hiyo anataka kuingia ukumbini na blondi, mawifi wafunge midomo. Akanionyesha picha kwenye simu. Mzungu, nywele zinamwagika mpaka kiunoni, rangi ya asali juani. Mama Elinaza kamwambia nywele nyeusi hazifiki huko ndani ya wiki. Eti aweke rangi ya karameli, tena mbele tu, au avae wigi.

Mwanamke yule hana imani. Nikamwambia Zubeda aje Jumatano, ataondoka na hiyo picha kichwani. Akanikumbatia.

Mie sijasoma sana, darasa la saba linanitosha. Lakini Benson wangu alipata A ya kemia, sasa yuko chuo Morogoro. A haianguki kutoka mbinguni. Imepitia kwangu.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia Benson, ili tu asikie mama yake naye anafanya sayansi. Akauliza kama bibi harusi amewahi kupakwa hina kichwani. Swali gani hilo? Binti wa Temeke, kalelewa na shangazi yake, hina kapakwa tangu ana meno ya utoto. Benson akasema: “Mama, hina na blichi havielewani. Jaribu kwanza nywele chache za nyuma, uone.”

Nikamjibu sawa baba, ule vizuri. Ana sauti kama daktari. Niliweka spika, wapangaji wote wamesikia.

Kujaribu, sijaribu. Ukijaribu mbele ya mteja umemwambia hujui.

Jumatano, 9 Julai

Zubeda kaja na shangazi yake, Bi Hija, mama mtu mzima mwenye tasbihi na macho ya afisa forodha. Kioo nimekifunika kanga. Nikawaambia saluni kubwa ndivyo zinavyofanya, mteja anaona mwisho. Nikakoroga blichi, nikapaka kichwa kizima, nikamweka chini ya draya ikolee upesi.

Ikakolea. Kichwa kikashika moto kama chuma cha chapati. Zubeda akasema anaungua. Nikamwambia urembo haujawahi kuwa baridi.

Kuosha sasa. Mizizi njano ya kifaranga. Katikati chungwa. Ncha kutu tupu, kama bati la banda. Bi Hija akasogea, akatazama, tasbihi ikasimama.

“Mama Benson, nimekuletea mtoto. Mbona unanirudishia ubuyu?”

Nikamfunga Zubeda kilemba haraka. Nikasema rangi haijatulia, asiifungue mpaka kesho.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi mbichi, Zubeda mlangoni. Kafungua. Analia bila sauti, kilio kibaya kuliko vyote. Wifi mmoja alipita kwao jana kupeleka sare, akaomba kuona hicho kichwa kilichofungwa. Akakataliwa, akaondoka anacheka.

Moyo uliniuma kweli. Nami nilikuwaga bibi harusi. Nikakaa kwenye ndoo nikafikiri. Shati jeupe likiwa njano unafanyaje? Unatia bluu! Benson alikuwa na mashati meupe kuliko shule nzima, mwalimu mkuu alimsimamisha mstarini watoto wa watu waige. Nikakoroga bluu ya kufulia kwenye beseni, nikamlaza Zubeda kichwa humo, nikimsimulia habari za Benson ili asichoke.

Njano na bluu. Sasa najua. Mizizi imekuwa mchicha. Katikati imekuwa mlenda.

Zubeda akanyanyuka, akaivuta kanga ya kioo mwenyewe. Alijitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yamekwisha.

“Anti, mie nilitaka mawifi wanyamaze. Sasa wataimba.”

Akajitanda mtandio, akavuka barabara.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Elinaza kafunga mlango tangu asubuhi, kazi inaendelea ndani. Pazia langu limechakaa kwa kuchungulia. Mchana nikapika chapati, nikapeleka. Si upelelezi, ni ujirani.

Zubeda yuko kwenye kiti, sakafu imejaa majani. Yaani nywele. Mama Elinaza kakata zote zilizoungua, kabakiza fupi za kushikika kwa vidole, anazipaka karameli taratibu. Nikamshauri aongeze dawa kidogo ing'ae. Akachukua sahani, akaonja.

“Chapati unaziweza, mama. Kaa hapo hapo.”

Wivu mbaya sana.

Jumamosi, 12 Julai

Kitchen party. Nimekwenda. Sare nilishashona, ningeipeleka wapi? Nimekaa nyuma, karibu na masufuria. Mawifi wako mstari wa mbele, simu juu, tayari.

Zubeda akaingia. Nywele fupi, karameli imekaa juu ya uso wake kama ilizaliwa hapo. Shingo ndefu, hereni zinacheza. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. Simu za mawifi zikashuka moja moja. Wifi mkubwa akanyanyuka, akamzunguka, akamkumbatia mbele za watu, akauliza nani kamtengeneza. Bi Hija akapiga kigelegele nisichokitegemea kwa umri ule.

Zubeda akachukua maikrofoni.

“Ni Mama Elinaza. Lakini bila Mama Benson, nisingekubali kukatwa.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mie nikasimama, nikapunga mkono pande zote. Kutajwa kwenye maikrofoni, ukumbi umejaa! Mama Elinaza katajwa mara moja, na mie mara moja. Tumetoka sare.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka kanisani nakuta mwanamke ananisubiri saluni. Tunu, jirani yake Zubeda, jana alikuwa ukumbini. Naye ana picha ya mzungu kwenye simu: blondi nyeupe kabisa, kama fedha, inateleza mpaka mgongoni. Mama Elinaza kamwambia arudi baada ya miezi kadhaa. Watu wengine hawataki riziki.

Nimemkagua kichwa kitaalamu. Kalainishwa nywele kwa dawa juzi tu, na ngozi bado inamwasha, kuna mahali pamebanduka. Safi sana. Njia iko wazi, blichi itapenya bila kubisha hodi. Nimemwambia aje kesho asubuhi.