Mistari Miwili Tu ya Kofia ya Mjukuu

Jumatatu, 2 Juni 1975

Goti limeanza kuuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika tano kabla Ndugu Eliakimu, balozi wetu wa nyumba kumi, hajapita kukusanya watu wa kuzibua mtaro. Nikalala chali, nikaguna. Akasema pole mzee. Akasema pia kwamba goti langu linaijua ratiba ya tawi la chama kuliko katibu. Mtu hana imani kabisa.

Saa mbili nyumba kimya. Wapangaji kazini. Mke wangu Sitara kaenda Mchafukoge kumtazama binti yetu Sabaha, aliye na mimba ya miezi tisa. Mjukuu wetu wa kwanza. Nimebaki na chai, redio, na paka wangu watatu: Bi Mkubwa, mwanawe Pamba, na dume ninayemwita Balozi kwa sababu huingia kila chumba kukagua kilichopikwa.

Sitara aliacha amri. Kapu lake la kufumia lisiguswe. Ndani mna kofia ya mjukuu, ya manjano, imebaki kilele tu. Uzi wenyewe wa sufu haupo dukani. Mpangaji wetu Hyasinta aliupata kwa masista kwao Songea. Paka wakiugusa, wote watatu watavushwa kwa kivuko cha Magogoni wakaanze maisha mapya Kigamboni. Nikamuuliza kama huko kuna kijiji cha ujamaa cha paka. Hakucheka. Mwaka huu watu wanahamishwa kweli.

Nilitaka kumwongezea mistari miwili tu, ashangae akirudi. Sindano ikachomoka. Nikavuta uzi nitafute ulipoanzia. Pamba akavuta upande wa pili. Tulifurahi sana, mimi na yeye. Kufika saa nne kofia ilikuwa imebaki utepe wa vidole viwili.

Jumanne, 3 Juni

Sitara kauliza kapu liko wapi. Nikasema Hyasinta kaliazima aige mtindo. Kisha nikakimbilia chumbani kwa Hyasinta kabla Sitara hajafika. Goti halikusema kitu.

Hyasinta aliniamkia vizuri, shikamoo babu, akanisikiliza mpaka mwisho huku kaziba mdomo kwa kanga. Akasema atanifichia siri na kapu mpaka Ijumaa. Akasema pia nimpe huo uzi, jioni mbili tu atakuwa ameirudisha kofia kama ilivyokuwa.

Nikakataa. Mimi nimefuma nyavu pale Kivukoni miaka ishirini na miwili. Papa hakuwahi kuchomoka kwenye mkono wangu, sembuse kichwa cha mtoto mchanga. Hyasinta akasema haya babu, na akaomba awepo siku ya kuvalishwa.

Jumatano, 4 Juni

Goti limeuma kwa wakati wake. Nyumba kimya tena, Sitara yuko kwa Sabaha. Nimetoa sindano yangu ya zamani ya nyavu. Hizo mbili za Sitara ni za watu wasiojua fundo. Nikakaa ukumbini, mguu nimeunyoosha, uzi nimeuvutia kwenye kidole gumba cha mguu kama ilivyo kawaida ya kazi. Fundo baada ya fundo. Moyo umetulia. Bi Mkubwa kalala juu ya redio. Hivi ndivyo asubuhi inavyotakiwa iwe.

Saa tatu nasikia kifuniko cha sufuria kinadondoka uani. Nikafoka: Balozi, mwizi mkubwa wee, toka kwenye mchuzi wa watu.

Ndugu Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, koleo begani.

Alimtazama paka akipita na mkia wa kibua mdomoni. Alinitazama mimi. Kisha akautazama ule mguu, umenyooka kama mlingoti, na goti lenye ugonjwa likicheza kwa kufuata uzi. Akatoa daftari mfukoni, akaandika. Sijui aliandika nini lakini yalikuwa zaidi ya mistari miwili.

Alhamisi, 5 Juni

Kofia imekwisha. Imara sana. Nimeivuta kwa mikono miwili, halitoki hata fundo moja. Nimemjaribishia Pamba. Masikio yote mawili yametokeza kwenye matundu, na mguu mmoja pia. Nadhani mtoto atapata hewa.

Ijumaa, 6 Juni

Sabaha kajifungua alfajiri. Mtoto wa kike, salama. Sitara kaja mbio kuchukua kofia. Hyasinta akaniletea kapu, kofia ndani, mbele yake, kwa heshima zote, akabaki hapohapo asubiri.

Sitara aliinua kofia juu, akaniangalia kupitia tundu moja. Akauliza huyo mjukuu tunamvalisha au tunamvua. Hyasinta ikabidi akae chini. Nikaeleza habari ya papa. Haikusaidia. Pamba naye akapita na kipande cha uzi wa manjano kinaning'inia kwapani. Shahidi wa serikali.

Sitara hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kesho asubuhi nitawatia paka kapuni na nitawavusha mwenyewe. Nimekaa nao usiku huu bila redio. Bi Mkubwa niko naye mwaka wa tisa. Huwa ananisubiri mlangoni, jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayelifanya.

Jumamosi, 7 Juni

Nilitoka na kapu. Nilipofika mlangoni kwa Ndugu Eliakimu miguu ikasimama yenyewe. Nikamwambia sheria ni sheria. Hakuna mkaazi anayehama kwenye nyumba kumi zake bila barua yake. Nimekuja kumsihi asiandike barua hizo tatu.

Akafungua daftari, akasoma kimyakimya. Akauliza goti linaendeleaje. Nikasema ni jambo la ajabu, limepona njiani. Akasema katika hali hiyo barua hazitaandikwa, na koleo langu lile pale.

Nimechimba mpaka adhuhuri. Balozi yule wa miguu miwili alinisimamia, wa miguu minne alikaa kivulini akitazama. Sitara alipita, akasoma kikaratasi nilichopewa chenye mhuri, kwamba wakaazi watatu hawaruhusiwi kuhama. Akageuka upande wa ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Paka wamebaki.

Kofia kaitia vitunguu, kaitundika jikoni.

Jumatatu, 9 Juni

Leo goti linauma kweli. Ni ule mtaro. Ndugu Eliakimu kaligusa mwenyewe, likalia kama mlango mbovu, akaniruhusu nilale. Hata sikuguna.

Saa mbili nyumba kimya. Sitara yuko Mchafukoge kwa mjukuu. Masista wa Songea walikuwa wamempa Hyasinta donge jingine la uzi, jekundu. Sitara kaanza kofia mpya jana, imebaki kilele tu. Kapu kaliweka juu ya kabati, na chini yake kapanga viti viwili ili asikie nikivisogeza. Lakini hayupo wa kusikia.

Kofia naiona kutoka hapa. Mafundo yake yamelegea mno. Mwanamke haelewi kwamba kichwa cha mtoto kinakua.

Pamba ameshapanda kiti cha kwanza. Mistari miwili tu.