Pete Shavuni mwa Baba Mkwe

Jumanne, 4 Juni
Mama mkwe kaniletea negativu ya marehemu mumewe, kipande cha filamu. Ndiyo picha pekee aliyocheka, nakala nyingine hakuna. Anaitaka kubwa, itundikwe Jumapili ukoo ukikutana. Kasema nikishindwa atavuka barabara, ampelekee mpiga picha mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Taratibu. Mke wangu kaniangalia tu. Nikamwambia mama asiwe na shaka.

Jumatano, 5 Juni
Nimejifungia chumba cha giza asubuhi. Nikaibana negativu kwa kioo cha mashine ya kukuzia picha, nikachapa. Baba mkwe katokea na pete shavuni. Pete ndani ya pete, kama maji yaliyotupiwa kokoto. Nikasafisha kioo kwa spiriti mara sita. Pete ziko palepale, tena zimemfikia pua.

Mchana nikajaribu poda ya mke wangu. Nilisikia chembe chache juu ya kioo zinasaidia. Mimi nilimwaga. Baba mkwe katoka na ndui. Jioni mke kaulizia poda yake, nikasema sijui.

Alhamisi, 6 Juni
Picha za Taratibu hazina pete hata moja. Kwa nini? Nimekwenda dukani kwake nikijifanya naazima mkasi. Alipoinama kuutafuta, nikachomoa kioo cha mashine yake, nikaweka changu. Mkasi wenyewe nikausahau.

Kukitazama, sikuamini. Upande mmoja una ukungu, ukiupapasa unakwaruza. Maskini, kumbe anahangaika na kioo kilichochakaa hivi! Nikakikimbiza kwa fundi miwani wa kona, tukakisugua kwa mashine yake hadi saa kumi na moja. Sasa unaweza kukitazamia ukinyoa ndevu.

Jumamosi, 8 Juni
Jana na leo nimechapa kumi na nne. Pete zote zimerudi, na nyingine mpya kwenye paji la uso.

Mama mkwe kaja bila hodi. Kavaa miwani, kauliza mumewe kavalishwa bangili usoni na nani. Kachukua negativu, kavuka barabara. Nimechungulia penye pazia nikiomba Taratibu naye ashindwe, maana kioo changu kiko kwake. Kisha nikaona aibu. Yule ni baba wa mke wangu.

Jumapili, 9 Juni
Picha imetundikwa. Safi kabisa. Mke wangu kalia, na mimi hakunitazama.

Taratibu kanivuta pembeni, kanipa kioo changu ndani ya gazeti. Kasema nilikisahau kwake. Alikijua alipokigusa tu, akatumia kingine cha akiba. Nikamrudishia chake kinang'aa, nikingoja shukrani. Kakipitishia kidole gumba, kisha kaketi. Kasema ule ukungu uliwekwa makusudi. Filamu laini ikigandana na kioo laini, mwanga unachora pete katikati yao. Upande wa kukwaruza hauiachi filamu igandane.

Halafu kaniazima kile cha akiba na negativu, nimchapie mke wangu picha yake ndogo. Sharti moja: nisikisugue.

Ni mtu mwema. Nimemwelewa pia: anaona haya kukiri kwamba vioo vyake vyote vimechakaa. Hiki kina ukungu kuliko kile. Siwezi kumrudishia mtu kitu katika hali hii. Fundi miwani anafungua saa mbili asubuhi.