Mkwe Wangu, Rudisha Mtetemo wa Gari

Kwako Mkwe wangu, Injinia wa kiwanda cha magari ya umeme,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimekasirika. Kalamu si kazi yangu, lakini utanielewa.

Juzi ulinieleza kazi yako, nikanyamaza kwa heshima ya ukwe. Ulisema mota ya umeme husukuma kwa vipigo vidogo vidogo, ekseli zikatetemeka, na kwamba wewe unaifundisha kompyuta kupeleka umeme wa kukizima kila kipigo kabla abiria hajakihisi. Leo sinyamazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ndiye fundi niliyekuwa nikigusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nikataja bolti iliyolegea pamoja na aliyeilegeza. Gari lako alilokuja nalo mkeo nimelipima hivyo hivyo, nikasikia mapigo ya moyo wangu tu. Nikatangaza limezimika. Majirani wakaja kusukuma. Mkeo akakanyaga kidogo, gari likaondoka, sisi tukabaki tumeinama barabarani kama watu waliodondosha sindano.

2. Pikapu yangu ikiumwa huniambia kwa usukani. Lako limekaa kimya kama mtu aliyevunja chungu.

3. Tumbo langu limezoea kusagiwa chakula na pikapu. Ndani ya gari lako kilikaa pale pale kilipoangukia.

4. Mama mkwe wako. Mgongo wake unaujua. Pikapu yangu aliisusa zamani, ingawa nilimweleza vizuri kwamba inamkaza mifupa. Sasa anapanda gari lako, anashuka anacheka, ananiambia mbele ya watu, "Mkwe wangu ndiye fundi." Mkwe, mwenye nyumba hii ni nani?

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, urudishe mtetemo. Si wote. Robo tu, tena upande wa kiti changu. Ukikataa, nitakuja hapo kiwandani na bisibisi yangu.

Wasalimie wajukuu zangu, wakubwa wako wa kazi, na yule mlinzi wa geti la kiwanda aliyenizuia nilipokuja kukutembelea, mwambie sijasahau.

Ni mimi baba mkwe wako,
Fundi Bisibisi

Nyongeza: Barua hii nimeiandikia ndani ya gari lako, mkeo anaendesha, tunapanda mlima kwenda kwa dada yake mama mkwe wako. Hajafika huko tangu mgongo umwanze. Herufi unaziona zilivyonyooka. Hata mezani sijawahi kuandika hivi. Mama mkwe wako mwenyewe amenilalia begani tangu nilipoandika namba moja. Basi usiguse kitu chochote kwenye hiyo kompyuta yako mpaka aamke. Na yeye, akilala, hulala kweli.